Ukurasa wa Pili wa Mji wa Kijani

"Kwa heshima na taadhima, wananchi wa Boko mnatangaziwa kwamba mwaka elfu mbili hautawakuta gizani. Mji wa Kijani unakuja. Mji usio na moshi, usio na taka, unaowashwa na jua na kunyweshwa na mvua yake wenyewe."

Hivyo ndivyo kipaza sauti kilivyonena kutoka juu ya pikapu ya Kampuni ya Mawio, asubuhi moja ya mwezi wa sita, mwaka 1994. Pikapu yenyewe ilikuwa imezama kwenye mchanga mbele ya shamba la Bibi Chausiku, na mji wa karne ijayo ukalazimika kusukumwa na akina mama waliokuja na ndoo kuteka maji.

Mfaume, mjukuu wa Bibi Chausiku, alisukuma pia, huku akiyaonja yale maneno mdomoni. Alikuwa mjuzi wa matangazo. Alisoma kidato cha tatu katika shule ya bweni huko Tabora, na kwa bibi yake alisema shule imefungwa mapema kwa shida ya maji. Ukweli ni kwamba alikuwa amebandika ubaoni tangazo lenye sahihi ya kughushi ya mkuu wa shule, likiwaamuru walimu wote wakapimwe minyoo. Walimu saba walikutwa wamepanga foleni zahanati, kila mmoja na kikopo chake. Mfaume akapewa mwezi mzima wa kwenda nyumbani kutafakari.

Aliyeshuka kwenye pikapu aliitwa Bwana Gibson, mtu wa bara, tai shingoni na mkoba kwapani. Alimwamkia Bibi shikamoo, akapewa kigoda na dafu, akaeleza shida yake. Kampuni ililitaka eneo lile lote, na shamba la Bibi lilikuwa katikati. Shamba halikuwa na hati. Lilikuwa na minazi aliyoipanda mama yake, na huku pwani hiyo ilitosha. Tena lilikuwa na kisima cha maji baridi, ambacho nusu ya mtaa ilikitegemea na hakuna aliyewahi kuzuiwa kuteka.

Bwana Gibson akatoa karatasi mbili zilizobanwa pamoja, za Kiingereza, akataka kumsomea. Bibi akamzuia kwa upole. Muuza samaki, alisema, haulizwi kama samaki ameoza.

"Mume wangu yupo," akasema, akimwonyesha Mfaume. "Serikali imemsomesha kwa kazi hii."

Mume wake akajikohoza, akasimama kama mtu anayehutubia bunge. Ukurasa wa kwanza aliumudu. Taa za barabarani zitakula jua mchana na kulitema usiku. Maji ya kuogea yatachujwa na kurudi bustanini. Kila nyumba itapikia gesi itakayotoka kwenye vyoo vyake.

Hapo Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. "Mume wangu, acha masihara. Nipike ubwabwa kwa moto wa chooni, halafu nimkaribishe nani?"

Mfaume akaapa kwamba imeandikwa. Bibi akampungia mkono aendelee.

Kisha akafungua ukurasa wa pili. Sentensi ya kwanza ilianzia juu na kufika katikati ya karatasi bila kupumua. Maneno yake yalikuwa marefu na ya kisheria, na Mfaume hakuyajua hata nusu. Angeweza kusema hivyo. Lakini akina mama walikuwa wameweka ndoo chini wanamsikiliza, na Bibi alikuwa ameinama mbele, hacheki tena.

"Na kisima changu?" Bibi akauliza. "Wamesemaje?"

Mfaume akashusha macho kwenye karatasi na kuyatembeza taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Shamba, akasoma, litabaki la Bi Chausiku na kizazi chake. Kisima hakitaguswa, bali kitajengewa ukingo wa saruji na paa la vigae, kiwe kitovu cha mji, na barabara zote zitaanzia hapo. Watu watateka kama kawaida. Kitaitwa Kisima cha Chausiku.

Bwana Gibson alikunywa dafu lake, akatabasamu. Bibi aliuliza pa kuweka dole gumba. Wakati wa kuondoka, Bwana Gibson alimpa Mfaume kalamu ya wino yenye jina la kampuni, akamwambia amesoma vizuri sana. Mfaume akaona ameudanganya ulimwengu mzima na kulipwa kalamu juu yake.

Wiki tatu Bibi alijiandaa. Alifagia kuzunguka kisima asubuhi na jioni. Aliwakataza akina mama kufulia karibu, mji usije ukakuta povu. Jirani yake Zubeda alitaniwa kwamba akiwa na adabu atapewa nyumba inayokitazama kitovu. Mfaume alisikia yote na akaendelea kula ubwabwa wake. Alijiambia kwamba kampuni za siku hizi hutangaza tu, hazirudi.

Ilirudi na katapila.

Lilipoangusha mnazi wa kwanza, Bibi Chausiku hakupiga kelele. Alikwenda kusimama kwenye ukingo wa kisima na kusema kwamba vijana wamekosea shamba, na kosa si ugomvi, iletwe karatasi. Bwana Gibson akaileta, na alama ya dole gumba la Bibi iko pale chini, imekaa sawasawa.

"Mume wangu, wasomee hawa," akasema Bibi. "Ukurasa wa pili."

Mfaume akaupokea. Ajabu ni kwamba haukuwa mgumu kiasi kile. Ulihitaji tu kusomwa polepole. Mmiliki anaiachia kampuni ardhi yote, pamoja na miti na visima vilivyomo, naye ataruhusiwa kuomba kiwanja katika mji mpya kama waombaji wengine. Aliusoma mara mbili kimoyomoyo. Kisha akaikunja karatasi.

Bibi akamgeukia Bwana Gibson. "Baba, wewe ulikuwepo. Ulimsikia anavyosoma."

"Nilimsikia, mama. Ningemkatizaje mjukuu wako mbele za watu?"

Dereva wa katapila alizima injini, akatazama pembeni.

"Mfaume," akasema Bibi.

Tangu azaliwe hakuwahi kuitwa jina lake na mwanamke huyu.

"Niliutunga, Bibi. Ukurasa wa pili wote. Sikuuelewa, nikaona haya kusema. Ukauliza kisima, nikakujengea."

"Na paa la vigae?"

"Nililitunga."

"Na gesi ya chooni?"

"Hiyo ndiyo ilikuwa kweli."

Bibi Chausiku alitikisa kichwa polepole, kama anayepanga vyombo kabatini. Akatazama ndani ya kisima, kisha akamtazama yeye.

"Na shule? Mmefungiwa kwa shida ya maji?"

Mkono wa Mfaume ulikuwa umeingia mfukoni na kuishika ile kalamu ya kampuni. Akaiachia.

"Maji yapo tele shuleni, Bibi. Nimefukuzwa mwezi mmoja, kwa tangazo la uongo."