Anwani Zilizokwisha Kutumwa

Mkurugenzi Baltasar alinicheka mbele ya wafanyakazi wake wote. Ofisi yao, hapa Jiji la Guatemala, huwaficha mashahidi waliosimama mahakamani dhidi ya magenge. Mimi nililetwa kubadilisha usimbaji unaofunga siri zao, kabla kompyuta za kwantamu, aina mpya yenye nguvu inayoundwa sasa, hazijaja kuufungua.

“Mashine yenyewe haijazaliwa, dada, wewe umeshaanza kuikimbia!” alisema. “Na hapa hajawahi kuingia mwizi.”

Nikamgeukia. “Nani kakwambia lazima aingie? Mnachotuma kwa mtandao anakinakili njiani. Leo hawezi kukisoma, basi anakiweka, anaisubiri mashine. Mashahidi wenu mnawaficha mpaka lini?”

“Mpaka wafe.”

“Na anwani zao mnazituma kwa mtandao?”

Kicheko kilimkauka. “Kila mwezi, kwa walinzi wetu mikoani.” Akanisogezea kiti. “Badilisha basi. Anza sasa hivi!”

“Nitabadilisha. Lakini kufuli langu litafunga mtakazotuma kesho. Zilizokwisha kwenda siwezi kuzirudisha.”

“Sasa tufanyeje?”

“Zifanyeni ziwe uongo,” nikamwambia. “Wahamisheni watu, wote, kabla mashine haijazaliwa.”

Hakuna aliyecheka tena.