Pia Imetoka

Saa kumi kamili jioni msimamizi alisimama katikati ya cherehani, akaanza kutaja wa kubaki zamu ya ziada. "Wewe wa kola. Wewe wa mifuko." Akafika kwa Mapindo, dada anayepinda miguu ya suruali. "Na wewe pia."

Pia ya goti la kulia la Mapindo ikasikia imeitwa, ikatoka. Damu haikumwagika. Iliteleza chini ya gauni, ikazunguka sakafuni kama pia ya watoto, ikatua mbele ya kiatu cha msimamizi kama mtu aliyekuja kuitika.

"Imetoka tena?"

"Imetoka, bosi."

"Irudishe basi, kazi imelala."

Shangazi Vifungo, mama wa meza ya vifungo, akaiokota, akaipangusa nyuzi. Akaunyoosha mguu polepole, akaisukuma kwa kidole gumba mpaka ikalia ko! Hiyo ilikuwa mara ya tisa.

"Mwanangu, goti lako lina adabu kukuzidi," alisema. "Likiitwa linaenda."

Kesho yake hospitalini, daktari wa mifupa naye hakushangaa. "Dada, pia inakaa kwenye mfereji. Wa wenzako ni bakuli, wako ni sahani. Na kano ya kuishikilia ilikatika siku ile ya kwanza ulipoikanyaga pedali ikagoma. Pumzika wiki sita, ufunge goti, ufanye mazoezi ya paja. Ikikataa, tunapasua tunashona kano mpya."

"Kushona najua."

"Basi unajua uzi uliolegea unavyoishia. Ukiendelea na pedali ile, hutatembea."

Mapindo akapeleka barua ya daktari. Msimamizi aliisoma mara mbili. Kesho yake tangazo likabandikwa: NENO PIA MARUFUKU GHOROFA HII. TUMIENI VILEVILE.

"Na wiki sita, bosi?"

"Dada, si tumeshalitatua?"

Watu wakazoea. "Nipe mkasi, na uzi vilevile." Pedali ikabaki ileile, nzito, ya kukanyagwa goti limepinda kwa ndani. Paja la Mapindo likazidi kukonda.

Siku ya kumi msimamizi akataja majina. "Na wewe vilevile." Goti likatulia. Kisha akapaza sauti: "Ambao sijawataja, tokeni!"

Pia haikuwa imetajwa. Ikatoka, ikashuka ngazi na wenzake, ikapanga foleni getini. Mlinzi akaipekua kama anavyopekua kila mtu, akaifungulia.

"Shangazi, umeiona?" aliuliza Mapindo.

"Nimeiona. Haikutajwa, mwanangu. Ina haki yake."

Mapindo akaushika mguu kwa mikono miwili, akaunyanyua, akauweka juu ya pedali. Msimamizi akalitazama goti lililobonyea, akatazama saa.

"Afadhali," akasema. "Sasa halitatusumbua tena." Akapita kwenda meza ya pili.