Ripoti ya Mheshimiwa

Sipendi kusifiwa kazini. Kwa hiyo siku mama yake Mheshimiwa alipoingia darasani na kunishika mikono yote miwili, nilijua kuna balaa.

"Mwalimu, Mungu akulipe," alisema. "Mwanangu amemaliza."

Akanipa barua. Kamati inayogawa nafasi za kituo chetu ilikuwa imesoma ripoti yangu ya robo mwaka, ikaona mtoto amefikia malengo yote matatu, ikamtoa kwenye orodha. Baada ya siku kumi nafasi yake angepewa mwingine, isipokuwa kama mimi mwenyewe ningeikanusha ripoti yangu kwa maandishi.

Kazi yangu ni kuwafundisha kusema watoto wadogo waliochelewa. Mheshimiwa ana miaka mitatu na nusu. Tulimpa jina hilo kwa sababu hutembea mikono ikiwa mgongoni, akikagua vinyago kama aliyekuja kufungua jengo. Hasemi. Akitaka kitu hukuvuta mkono, na ukijifanya hukuelewa hukutazama kwa huruma.

Fomu yetu ina visanduku vitatu kwa kila lengo: bado, anaanza, ameweza. Sheria inasema "ameweza" haitiwi alama mpaka mwalimu amsikie mtoto kwa masikio yake, siku tatu tofauti. Lakini ripoti husomwa kwa sauti mbele ya mzazi kabla hajatia saini, na mwenye roho ya kumsomea mama "bado" mara tatu huku akimtazama machoni, mimi simjui. Robo iliyopita mama huyu aliniambia kwamba nyumbani mtoto anaomba maji, anamwita, hata anakataa uji kwa mdomo wake. Nilikuwa na ripoti kumi na nane za kumaliza kabla ya Ijumaa. Nikatia alama, nikamsomea, akafurahi, nikajiona mtu mwema. Huko ndiko kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, na nilijua.

"Keti, mama," nilimwambia. "Hajamaliza. Mimi sijawahi kumsikia akisema hata neno moja. Niliandika uliyoniambia wewe."

Ningefurahi angenifokea. Badala yake aliikunja ile barua, akaikunja tena, mpaka ikawa haikunjiki tena.

"Hata mimi sijamsikia," alisema.

"Si uliniambia anaomba maji?"

"Nilikuona umechoka naye. Ulikuwa unaangalia saa, mwalimu. Nikaogopa utamkatia tamaa. Nikasema nikupe moyo."

Hasira zilinipanda, za kipumbavu kabisa, na nyuma yake ikaja aibu. Ni kweli nilikuwa naangalia saa.

Nilikwenda kwa mkuu wa kituo, mwanamke tunayemwita Bi Rula kwa kuwa hakuna kosa asilolipigia mstari. Alinisikiliza bila kuinua macho.

"Ukikanusha, unakiri ulijaza usichokiona," alisema. "Barua ya onyo itaingia kwenye faili lako, na ya pili ikija huna kazi."

"Na nisipokanusha?"

"Mtoto anabaki nyumbani. Mficha uchi hazai, binti yangu. Chagua."

Nilichagua kwa hofu. Nikarudi darasani na fomu mpya, nikaandika bado, bado, bado. Kisha nikamsomea mama neno kwa neno.

"Baba yake ameshawatangazia ndugu wote," alisema.

"Nizungumze naye mimi?"

"Hapana. Uongo ulikuwa wangu. Kalamu iko wapi?"

Alitia saini. Hakuirudisha kalamu.

"Sasa umeacha kunidanganya?"

"Nimeacha."

"Basi niambie. Atakuja kusema?"

Majibu nilikuwa nayo tayari mdomoni, yale ambayo kwa miaka sita nimewagawia akina mama kama peremende: kila mtoto na wakati wake, tuvute subira, mbona wapo waliochelewa kuliko huyu. Ulimi hauna mfupa. Niliyameza yote.

"Sijui, mama."

Alilia. Nilimshika mkono tu, mpaka alipoinuka kwenda kumvisha mtoto viatu.