Isale la Mama Salvina

Mzee Eliezeri alipowauzia watu wa Dar es Salaam kiwanda chake cha kahawa pale Moshi, wanawake wa meza za kuchambua walijifariji kwamba angalau meneja mpya, Wenseslaus, ni mtoto wa Kibosho, huku huku mlimani.

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha," alisema Gladys, wakacheka.

Mwezi wa kwanza Wenseslaus aligeuza viti. Miaka yote walichambua wakiangaliana, punje nyeusi huku, zilizovunjika kule, midomo ikienda sambamba na vidole. Sasa kila mmoja alitazama ukuta, na aliyefungua mdomo alinyimwa chai ya saa nne. Salvina, msimamizi wao, mtu wa miaka ishirini na miwili kiwandani, alisimama mkutanoni akasema kwa upole, "Baba, hata ng'ombe zizini huangaliana wakila."

Kesho yake akapewa barua. Anachochea wenzake wagome. Asionekane kazini mpaka kikao cha nidhamu, Ijumaa.

Gladys, ambaye Salvina alimfundisha kazi tangu akiwa binti, alitoka kwake Pasua, mjini, akapanda hadi kwa Salvina, Kibosho. "Usiogope, dada. Sote tutasema hukuchochea mtu. Hana shahidi hata mmoja, atakufukuza kwa lipi?"

Ilikuwa kweli. Lakini Salvina hakutaka kushinda kesi. Alitaka kurudi mezani pasipo kinyongo. Alikumbuka jinsi fundi aliyeunguza mota ya mtambo alivyomletea Mzee Eliezeri jani la isale. Mzee alilichomeka juu ya mlango na maneno yakaisha. Huku mlimani ukiletewa isale huna budi kusamehe, hata kama umeuliwa ndugu. Mzaliwa wa Dar asingeelewa, lakini Wenseslaus alibatizwa parokia moja na wana wa Salvina. Alhamisi asubuhi Salvina akakata jani kwenye ua wa shamba, akalifunga ndani ya kanga, akashuka mjini.

Wenseslaus alisimama alipomwona. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kama nilikukwaza, yaishe."

Alilipokea kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa na bibi yake. Kisha akatoka nalo hadi kwenye meza za kuchambua, Salvina nyuma yake, akaliinua juu.

"Mama zangu, geukeni. Hiki ni nini?"

Wakageuka.

"Leo nawaruhusu kuongea."

"Isale," akajibu mmoja.

"Huku kwetu hulipeleka nani? Gladys?"

Gladys alitazama vidole vyake. "Aliyekosa."

"Basi mama amekiri mwenyewe, wala sijamshika mkono."

"Lakini umelipokea," alisema Salvina. "Ukishalipokea umesamehe."

"Mimi nimekusamehe, mama, tena kwa moyo mweupe. Kampuni ndiyo haijasamehe. Kampuni haina bibi."

Mmoja alicheka, akakatiza kicheko.

Karani akaleta karatasi: *Nilimwona Salvina akija na isale kwa meneja.* Hapakuwa na uongo hata neno moja. Wakasaini mmoja baada ya mwingine, Gladys wa kwanza, na kabla ya chakula cha mchana aliambiwa akalie kiti cha msimamizi, kiti pekee kisichotazama ukuta. Jani lilitobolewa matundu mawili, likaingizwa kwenye faili la Salvina.

Ijumaa kikao hakikumaliza hata robo saa. Salvina alikuwa amefika getini na barua ya kufukuzwa mkononi aliposikia miguu ikimkimbilia nyuma.

"Dada," Gladys alihema. "Tuliandika tulichokiona tu. Nina watoto, unawajua. Nitakuja Jumapili kwako, tuyamalize kwa desturi."

Salvina alimtazama. Alimpenda binti huyu. Alimshikia mtoto wake wa kwanza wakati wa ubatizo.

"Usije," akasema. "Ukija na isale nitalazimika kukusamehe."

Akafungua geti mwenyewe, akatoka.