Kiti cha Mbele cha Mama

Kila asubuhi nilifungua ofisi yetu ya kukata tiketi mjini Moshi, nikafuta vumbi kwenye ndege ndogo ya plastiki iliyosimama dirishani, nikaweka sufuria ya chai kwenye jiko la umeme, na kabla maji hayajachemka nikampigia simu Jovin. Sikuwahi kumwona Jovin. Alikuwa sauti tu, kijana wa ofisi ya shirika la ndege kule Dar es Salaam. Mimi ni mtu ninayeona haya hata kuagiza soda dukani, lakini sauti yake nilikuwa nimeizoea. Nilimuuliza swali moja tu.

"Kiti kimefunguka?"

"Bado, Mchaga wangu. Kanywe chai."

Nikanywa chai, nikaanza kazi.

Asubuhi moja ya Juni, ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye mnara wa saa, nilimuuliza kama kawaida, naye akacheka.

"Kimefunguka, dada. Na tiketi imeshakatwa tangu jana jioni. Leo utanipa nini?"

Nilikaa. Maji yalichemka yakamwagikia jiko, sikuinuka. Nilitaka kulia kwa furaha nikaona haya kulia kwenye simu, nikasema asante, asante sana kaka Jovin, Mama yangu atakuombea.

"Mama yako?" Nikasikia akibonyeza kompyuta yake. "Huyu Elinipendo ndiye mama yako? Mbona mlibadilisha jina?"

"Jina gani?"

"Nafasi ya Dafroza ilifutwa jana. Papo hapo ikafunguliwa nyingine, njia ileile, viti vilevile. Mwenye maili alipiga mwenyewe. Nilidhani wewe ndiye uliyemwelekeza." Akabonyeza tena. "Hata ombi la kiti cha magurudumu wameliacha humohumo. Huyu naye anaumwa nyonga?"

"Hapana," nikasema. "Huyu anaimba kwaya."

Dafroza ni mama yangu. Elinipendo ni mama yake Victoria, mke wa kaka yangu Faustin, na Faustin ndiye mwenye zile maili.

Faustin ndiye mkubwa wetu, mimi ni kitinda mimba. Alikuwa na kazi Dar katika shirika la miradi ya maji, na kazi hiyo ilimpeleka Ulaya mara nyingi. Kila aliposafiri, shirika la ndege lilimwekea maili, na maili zikijaa mtu hupewa safari bila kulipa nauli. Zake zilitosha kumpeleka mtu mmoja Ulaya na kumrudisha, katika viti vya mbele, akisimama miji kadhaa njiani. Krismasi iliyopita, mbele ya ukoo mzima, kata ya pombe ya mbege ikiwa mkononi, alitangaza kwamba maili hizo ni za Mama. Watu walipiga vigelegele. Mama alificha uso kwenye khanga.

Mama alitaka kitu kimoja tu katika Ulaya nzima, nacho ni dada yake. Sista Theodora ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, akambeba mgongoni akienda naye mtoni na kanisani, kisha akaingia utawa na kupelekwa Ujerumani ya kusini kabla mimi sijazaliwa. Sasa alikuwa mzee, moyo umechoka, madaktari wamemkataza kupanda ndege. Kama wangeonana tena hapa duniani, ni Mama aende. Na kwa kuwa ulikuwa mwaka wa Jubilei Kuu, Wakatoliki wanapokwenda Roma kuhiji, Sista alikuwa ameomba ruhusa asindikizwe kwa treni mpaka Roma, wasali pamoja, kisha Mama arudi nyumbani.

Viti vya mbele havikuwa vya kujidai. Mama aliteleza kwenye mfereji akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, na tangu siku ile nyonga yake haikunjiki vizuri. Usiku mzima katika kiti cha nyuma asingeuweza. Kiti cha mbele kinalala, mguu unanyooka.

Basi Faustin alinipa namba yake ya maili na neno lake la siri, nami nikaanza kuunganisha njia. Kiti cha maili si kama kiti cha kununua. Shirika hutoa vichache, tena linapotaka lenyewe, na ukipata cha kutoka uwanja wetu wa KIA hadi Amsterdam unakosa cha kwenda Munich, ukipata cha Munich cha Amsterdam kimeondoka. Nilihamisha tarehe, nikazirudisha, nikalala nikiota tarehe. Tangu Kwaresima nilikuwa nimevipata vyote isipokuwa kimoja, cha kutoka Munich kwenda Roma. Hicho ndicho nilichokuwa nikimuulizia Jovin kila siku.

Nyumbani kwetu Uru watu hawakusubiri kiti hicho kifunguke. Mtu wa jumuiya yao anakwenda Roma mwaka wa Jubilei, wasubiri nini? Jumapili moja baada ya Pasaka walifika kwa Mama na rozari zao zikabarikiwe. Zilikuwa za kila namna: za mbao zilizokatika zikafungwa kwa nyuzi za mgomba, za shanga za bluu, moja ya plastiki inayong'aa gizani. Ili zisichanganyike, kila mwenye rozari alichana kipande kidogo cha khanga au kitenge chake akaifunga nacho. Mama alizitia zote kwenye kikapu, akakitundika juu ya kitanda. Aliweza kukishusha na kumtaja kila mtu kwa kuangalia kitambaa.

Jioni alifanya mazoezi. Alikaa kwenye kiti cha uvivu alichoacha Baba, mguu juu ya stuli, akafumba macho. Jirani yetu Mektrida, ambaye mdomo wake haupumziki, alimpitia akitoka kukata majani.

"Dafroza, mmefika wapi?"

"Tuko juu ya Misri."

"Mwambie dereva apunguze mwendo, umeniachia vumbi."

Mama alicheka mpaka akashika nyonga. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu kahawa ilipokuwa kahawa. Kahawa ile ndiyo iliyomsomesha Faustin. Nyingine ameshaing'oa mwenyewe kwa mikono yake, bei ilipoanguka, akapanda maharage.

Baada ya kuzungumza na Jovin nilimpigia Faustin.

"Kaka, shikamoo. Kuna kosa kwenye tiketi ya Mama."

"Marahaba. Si kosa." Alikuwa tayari, kama mtu aliyekuwa akiingoja simu hiyo. "Sikiliza, Aika, usinipandishe presha. Mama yake Victoria ana kijana anasoma hukohuko Munich, hajamwona siku nyingi. Victoria amelilia jambo hili mwezi mzima. Na unajua mzee wake ndiye aliyenisimamia mpaka nikapata kazi. Ningesema nini?"

"Ungesema maili ni za Mama."

Nasema nilisema hivyo, lakini sikusema. Niliyasema moyoni. Mdomoni nilisema, "Na Roma?"

"Roma imo njiani, atatembeatembea."

"Mama amejiandaa, kaka."

"Mama haendi popote, yupo. Maili zitajaa tena. Wewe mwambie viti vimekosekana. Mambo ya viti unayajua wewe, atakuamini. Na Mama humjui? Atasema si neno."

Hapo ndipo aliponichoma. Kwa maana ni kweli. Mama husema si neno. Faustin aliposahau kuja kwenye misa ya Baba, si neno. Alipofunga ndoa Dar na Mama akawekwa meza ya nyuma, karibu na jiko, si neno. Nilikuwa nikidhani ni upole wake. Siku ile, nikiwa nimeshika simu iliyokatika, niliona kwamba Faustin alikuwa amelifanyia hesabu neno lile, akalitumia kama mtu anavyotumia maili.

Sikumwambia Mama viti vimekosekana. Wala sikumwambia kweli. Jumamosi nilipanda Uru, nikamkuta anakaanga ndizi, akaniuliza kwa macho tu, nami nikainama kuchochea moto. Akadhani bado hakijafunguka. Akanitia moyo mimi: "Kitafunguka, mwanangu. Usikonde kwa ajili ya kiti."

Chakula kilinishinda. Nilijua Faustin angefika kesho yake, maana alikuwa na mkutano Moshi, na nilikuwa nikiomba, Mungu anisamehe, gari lake liharibikie njiani.

Halikuharibika. Jumapili baada ya misa tulilisikia likipanda kwa gia nzito kati ya migomba. Alishuka na gunia la mchele wa Chekereni, sukari, na kitenge cha Mama. Alimsalimu kwa adabu, akashika mkono wake kwa mikono miwili. Mektrida naye alikuwapo, anamenya ndizi za mtori, akajifanya haoni gunia huku akilikadiria uzito.

Alikula. Alisifu mtori. Kisha akafuta midomo.

"Mama, nina habari, si nzuri sana. Aika amehangaika, kwa kweli amehangaika, lakini viti vya mbele vimekosekana. Mwaka huu dunia nzima inakwenda Roma. Au siyo, Aika?"

Aliniangalia. Hakuniangalia kwa ukali. Aliniangalia kwa upendo, kama aliponifundisha kuendesha baiskeli kwenye barabara ya parokia, akinishika nyuma ya tandiko. Nadhani ningeweza kuyastahimili macho makali.

Niliinamia bakuli langu. Mama aligeuka kunitazama, akafikiri ninajilaumu.

"Si neno," alisema. "Umejitahidi, mwanangu. Si neno kabisa."

"Nilijua utaelewa, Mama," Faustin alisema, na mabega yake yakalegea. "Na Mungu ni mwema. Mama yake Victoria ana safari yake huko huko, na Roma atapita. Zile rozari za watu nipe, atazipeleka. Na kama una kifurushi cha Sista, atamtumia kwa posta akiwa Munich."

"Elinipendo?" Mektrida alisimamisha kisu. "Yule Mlutheri wa Machame? Rozari atazipeleka wapi, kwenye kwaya?"

"Kubarikiwa ni kubarikiwa tu, mama," Faustin alisema.

Mama alikuwa ameshainuka. Alishika ukuta, akaenda chumbani kwa ile hatua yake ya kuvuta mguu, akarudi na kikapu. Juu ya rozari alikuwa ameweka kifurushi cha kahawa ya shambani, aliyoikaanga mwenyewe kwa ajili ya dada yake. Alikuwa akimkabidhi Faustin, na Faustin amenyoosha mikono.

"Kiti kilipatikana," nikasema.

Sauti yangu ilikuwa ndogo mno, nikadhani hakuna aliyesikia. Lakini kisu cha Mektrida kilikuwa kimenyamaza na kuku tu ndio waliokuwa wakiparura nje.

"Aika," Faustin alisema.

"Kilipatikana, Mama. Vyote vilipatikana. Kiti anachokwenda kukalia mama yake Victoria ni chako. Nilikitafuta mimi tangu Kwaresima. Tarehe ni zako. Hata kiti cha magurudumu nilichokuombea wamekiacha humohumo." Nilikuwa ninalia na sikuweza kunyamaza. "Na kaka ameniambia nikuambie vimekosekana, kwa sababu mimi utaniamini."

Faustin alisimama. "Hivi ndivyo unavyonifanyia, mbele ya majirani?"

"Mimi sipo," Mektrida alisema, wala hakuondoka.

"Mama, nisikilize." Faustin alipiga goti moja karibu naye, suruali yake nzuri kwenye vumbi la sakafu. "Wale ni wakwe. Mkwe ukimnyima, anakuhesabia maisha yote. Wewe ni mama yangu. Nilijua wewe hutanihesabia. Mwakani, nakuapia, nitakukatia kwa pesa yangu."

"Theodora mwakani atakuwepo?" Mama aliuliza.

Faustin aliinuka, akapangusa goti.

Mama alirudi kwenye kiti cha uvivu, akakaa, kikapu mapajani. Alikuwa akigusagusa vile vitambaa kimoja kimoja, cha Mektrida chenye maua mekundu, cha mke wa katekista, chake mwenyewe. Nilijua kinachofuata. Sote tulikijua. Niliona midomo yake ikikusanyika kulisema lile neno, na Faustin aliona pia, kwa sababu alianza kuitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayemsaidia mtoto kumalizia sala.

"Si..." Mama alisema, akaacha.

Alikishusha kikapu sakafuni upande wake wa pili, mbali na mikono ya Faustin.

"Hapana," alisema. "Ni neno, Faustin. Sikutaka rozari zifike. Wala kahawa sikutaka ifike. Nilitaka kufika mimi."