Raundi Tatu za Kejeli

Oyugi alifukuzwa ulingoni mara mbili mwaka huo, na mara zote mbili alikuwa akishinda.

Mara ya kwanza bondia wa Kakamega alimnong'oneza, wakiwa wamekumbatiana kwenye kamba ya pembeni, kwamba anapigana kama mtu anayefukuza nzi. Kengele ikalia, raundi ikaisha, na Oyugi akamwongezea ngumi mbili za bure. Mara ya pili aliyemuudhi hata hakuwa mpinzani. Shabiki mmoja wa viti vya nyuma aliuliza kwa sauti kama yule mrefu amekuja kupigana ama kupaka dari rangi. Oyugi akaruka kamba za ulingo, akamfuata huko huko vitini. Refa akaushika mkono wa mpinzani aliyebaki peke yake katikati ya ulingo, akauinua.

Sasa ilibaki nafasi moja. Mwezi wa nane timu ya kwenda Nairobi kwa mashindano ya taifa ingechaguliwa, bondia mmoja tu kwa kila uzani, na viongozi wa ndondi walikuwa wamesema wazi: kijana huyu akifukuzwa tena, jina lake linafutwa. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mchomeleaji wa mageti pale Kondele mjini Kisumu, mwenye mkono wa kushoto mwepesi kama ulimi wa kenge. Moyoni aliamini kwamba kutoka Usenge hadi Muhoroni hajazaliwa bondia wa kumfikia. Hilo halikuwa tatizo, maana huenda lilikuwa kweli. Tatizo ni kwamba alitaka kila mtu akiri hivyo, na akiri papo hapo.

Kocha wake aliitwa Zadock, kinyozi wa miaka sitini na mbili, ambaye pua yake ilikuwa imevunjwa mara nyingi hadi ikakata shauri kuelekea kushoto moja kwa moja. Zadock hakuamini mashine za mazoezi. Alipoambiwa kwamba mabondia wa Milimani wana ukumbi wenye vioo ukuta mzima, alicheka hadi akalazimika kuzima mashine ya kunyolea.

"Kioo ni cha kunyolea," alisema. "Huko ulingoni hakuna kioo. Kuna mtu, na ana ngumi."

Mazoezi yake yalikuwa yale aliyofanyishwa yeye ujanani. Asubuhi Oyugi alikimbia kutoka Kondele, akapita Mamboleo, akapanda kilima cha Riat hadi juu, Zadock akimfuata kwa bodaboda huku akila mandazi na kumwambia aongeze mwendo. Akitoka kazini, alishika nyundo kubwa na kulipiga tairi la lori, mara mia mbili kwa bega la kulia na mia mbili kwa la kushoto. Gunia lake la kupiga lilijazwa mchanga uliolowa, mgumu kama ukuta wa benki. Jumamosi walishuka ziwani Dunga, akakimbia ndani ya maji ya kiunoni huku magugu yakimvuta miguu, kisha akawasaidia wavuvi kukokota mashua hadi nchi kavu. Alikuwa anafika nyumbani akiwa hawezi kuinua kijiko.

Baada ya ile mara ya pili ya kufukuzwa, Zadock alimkalisha kwenye kiti cha wateja, akamtazama sana.

"Mwili hauna neno," akasema. "Mwili ni wa ng'ombe wa plau. Kichwa ndicho cha kuku."

"Kocha, yule mtu alinitukana!"

"Alikuuliza kuhusu dari. Kesho saa kumi jioni njoo na kamba ya kuruka. Usije na mdomo."

Kesho yake Zadock hakumpeleka kwenye tairi. Alimpeleka chini ya daraja la Kondele, mahali akina mama wanapokaangia samaki, akamsimamisha mbele ya meza ya Benta. Benta alikuwa mjane mnene mwenye sauti ya kupita honi, na ulimi wake ulijulikana hadi Nyamasaria. Jirani yake, Nelima, aliuza ndizi. Alitoka upande wa Bungoma, akaolewa Kisumu, akabaki. Nelima hakusema sana, lakini alilosema lilikuwa linakaa na mtu wiki nzima.

"Mama Benta, Mama Nelima," Zadock alisema, akavua kofia. "Huyu kijana wangu ataruka kamba raundi tatu, dakika tatu tatu. Kazi yenu ni kumtia kasoro. Wazazi wake msiwaguse, wala Mungu. Yeye mwenyewe, ni wenu. Akisimama ama akijibu, anaanza upya."

Benta akajifuta mikono kwa leso, polepole, macho yakimeremeta. "Mwalimu, hii ni kazi umetupa ama ni karamu?"

Oyugi akaanza kuruka. Hakumaliza dakika moja.

"Yawa, Nelima, njoo uone!" Benta alipaza sauti. "Nilidhani mtu amesahau vijiti viwili vya kuegemezea maharagwe hapa njiani, kumbe ni miguu!"

"Hicho kifua nacho," Nelima akasema, akipanga ndizi zake. "Nimeona omena, dagaa wa siku tatu juani, akiwa na kifua kuliko hicho."

Oyugi akauma meno. Aliruka. Waendeshaji bodaboda wa stendi wakaanza kusogea.

"Huyu ndiye aliyechomelea geti la kanisa letu," Benta akaendelea. "Tukifika kwenye pambio, linafunguka lenyewe. Mchungaji anadhani ni Roho."

Kamba ikaanguka. "Lile geti nililichomelea sawa! Ukuta wenu ndio umeinama! Nendeni mkapime!"

"Anza upya," akasema Zadock, akitazama saa.

Siku hiyo alianza upya mara saba. Alirudi nyumbani ameloa jasho, koo limekauka kwa majibu aliyoyameza na mengine aliyoshindwa kuyameza. Siku ya pili, mara sita. Siku ya tatu Nelima alisema neno moja tu kuhusu masikio yake, na Oyugi akasimama nusu saa akijitetea kwa ushahidi.

Wiki ya tatu ndipo alipogundua kitu. Kamba ikigonga lami hutoa mlio wake, tap, tap, tap. Ukiushika ule mlio kwa masikio yote mawili na kupumua nao, maneno yanapita pembeni kama magari yasiyo ya njia yako. Unayaona. Hupandi. Alimaliza raundi moja, kisha mbili. Wiki ya tano alizimaliza zote tatu, watu arobaini wamemzunguka, kila mmoja akichangia kasoro yake, uso wake ukiwa mtupu kama sahani iliyooshwa.

"Huyu amekuwa ukuta," Benta alilalamika. "Nimemaliza ya Kijaluo, nimeazima ya Kibukusu kwa Nelima, sasa nimeanza kurudia. Mwalimu, unaniharibia jina."

Jioni ile kocha alimnyoa Oyugi bure, na kwa Zadock hiyo ilikuwa kama medali.

Siku ya mchujo ikawa Jumamosi, saa nane mchana, katika ukumbi wa mtaa. Mpinzani alikuwa Wepukhulu wa klabu ya Nyamasaria, mpakiaji wa mawe ya ujenzi, mfupi, mpana, asiye na shingo ya kuonekana. Habari za hasira za Oyugi zilikuwa zimemfikia. Mara tu kengele ilipolia, akamsogelea na kusema, "Wewe ni mrefu bure."

Oyugi karibu acheke. Hiyo? Benta asingeitumia hata kwa mteja aliyekataa mkia wa samaki! Akamgonga kwa mkono wa kushoto, akamgonga tena, akazunguka. Wepukhulu akajaribu neno jingine, kuhusu masikio safari hii. Oyugi akalisikia likipita kwenda zake. Raundi ya kwanza ilikuwa yake yote, na hata wazee wa viti vya mbele walikubaliana, jambo ambalo si la kawaida Kisumu.

Raundi ya pili ilipoanza, mlango wa ukumbi ukafunguliwa na akina mama wa Kondele wakaingia.

Walikuwa wamefunga meza zao. Walikuwa wamevaa nguo za kanisani, Benta mbele na kitambaa cha zambarau kichwani. Kwa wiki sita walikuwa wamemtazama kijana huyu akitoka jasho mbele yao. Walimpenda, na kwa wiki sita hawakuruhusiwa kusema hivyo. Zadock alikuwa amewakataza wazazi na Mungu. Hakuwahi kufikiria kuwakataza sifa.

Benta akapanda juu ya benchi.

"Yawa! Nani hapa hamjui huyo? Huyo ni Oyugi! Cheche ya Kondele isiyotazamwa kwa macho matupu! Akipita barabarani, barabara inajipanua yenyewe!"

Hiyo ndiyo pakruok, kusifu mtu hadharani kama inavyofanywa kwenye sherehe za Wajaluo, na ukumbi ukaijua mara moja, ukaipokea kwa mayowe. Nelima naye akasimama, yule mpole, akaongeza kwa sauti ambayo hakuna aliyejua anayo: "Alikimbia Riat mpaka kilima kikaomba maji!"

Sasa, mtu akisifiwa hivyo hanyamazi. Hajifichi. Anainuka, anaonyesha uso wake, anaitikia, la sivyo amewadharau wanaomsifu. Oyugi alikuwa amejua hivyo tangu akinyonya. Na hayo maneno ndiyo aliyokuwa ameyangoja maisha yake yote, neno kwa neno. Kichwa chake kikageuka chenyewe. Kidevu kikapanda. Akainua glavu ya kushoto kuelekea benchi, taratibu, kama mheshimiwa anayewapungia watu mkono.

Ngumi ya Wepukhulu ilitoka chini, karibu na magoti.

Oyugi alijikuta ameketi, akizitazama taa za dari na kujiuliza nani amezipaka rangi. Refa alikuwa akihesabu, amefika nne. Akainuka kwenye sita, akasimama wima kwenye nane, na dakika iliyobaki aliipitisha akiwa amejikunja nyuma ya glavu zake, akipigwa mikono, mabega na mbavu. Raundi ikawa ya Wepukhulu, na kila mtu aliijua hesabu: kila mmoja ana raundi moja. Iliyobaki ingeamua nani anakwenda Nairobi na nani anarudi kuchomelea.

Kwenye kona Zadock akamwagia maji kisogoni.

"Uliona nini kule?"

"Kocha, wananisifu."

"Nimesikia. Wepukhulu pia alisikia. Alishukuru sana."

"Waambie wanyamaze!"

"Mimi? Nimnyamazishe Benta? Nina miaka sitini na mbili, nataka kufika sitini na tatu." Akambana mashavu kwa mikono miwili. "Kosa ni langu, nilikufundisha nusu. Zile kejeli ulikuwa unazifanyaje?"

"Naziacha zipite."

"Na maneno haya?"

Oyugi akahema. "Haya ni ya kweli, Kocha."

Zadock alijitahidi asicheke, akashindwa. Akamtia kinga ya meno. "Yatakuwa ya kweli hata kesho," akasema. "Leo inua mikono."

Raundi ya tatu ilikuwa ngumu kuliko Riat, ngumu kuliko nyundo na maji ya Dunga. Akina mama hawakuelewa kwamba walichangia kumwangusha. Walidhani hawakumsifu vya kutosha. Sasa wakasimama wote. Kwa pembe ya jicho Oyugi aliona kitambaa cha zambarau kikipanda na kushuka, aliona midomo ikifunguka, aliona watu wa Nyamasaria wenyewe wakipiga makofi. Alitamani kusikia kama mtu mwenye kiu anavyotamani mtungi. Lilikuwa jambo zuri sana walilokuwa wakisema, alijua, na lilimhusu yeye.

Akainamisha kidevu. Akatafuta mlio wa viatu vyake kwenye turubai, akaupata, akaushika. Kushoto. Kushoto. Hatua pembeni. Wepukhulu akaingia na kichwa chini kama anayebeba jiwe, akampiga ngumi mbili za mbavu ambazo zingemwangusha mtu asiyewahi kukokota mashua. Oyugi akatoa pumzi, akabaki wima, akarudisha tatu. Kushoto. Hatua. Ikatokea Wepukhulu akachelewa kuinua mkono, akatazama pembeni kidogo tu, na mkono wa kulia wa Oyugi ukamkuta njiani. Magoti yakamlegea. Hakuanguka, lakini hakurudi mbele tena hadi kengele.

Majaji watatu kwa wawili. Refa akainua mkono mrefu wa Oyugi, na ukumbi ukapasuka kwa kelele ambazo sasa, hatimaye, aliziacha zimwingie zote. Alilia bila aibu. Alimbeba Zadock mgongoni, akamzungusha ulingo mzima, kinyozi akipiga kelele kwamba mgongo wake ni mbovu.

Walipotoka nje alimkimbilia Benta.

"Mama, raundi ya tatu ulisema nini?"

"Kwani hukusikia?"

"Hata neno moja."

Akina mama wakatazamana. "Omera, kijana!" Benta akasema, mkono kifuani. "Ukumbi mzima ulisimama!"

"Refa alifuta jicho," Nelima akathibitisha.

"Basi sema tena. Kidogo tu. Ule mwanzo."

"Mimi ni redio? Yalikuja yenyewe, yakaenda. Siwezi kuyaita."

Oyugi akamgeukia Nelima, naye Nelima akatikisa kichwa. Akawauliza waendeshaji bodaboda waliokuja nao, kila mmoja akakumbuka tu kwamba yalikuwa makubwa. Mwishowe akamwona Wepukhulu ameketi kwenye ngazi, kipande cha barafu jichoni, akaenda kuketi kando yake.

"Bwana, wewe ulisikia?"

"Yote," Wepukhulu akasema. "Yalikuwa matamu, ndugu yangu. Sijawahi kusikia mtu akisifiwa hivyo. Nilisahau niko kazini."

"Yalisemaje?"

Wepukhulu akaondoa barafu, akakunja uso akikumbuka. "Alisema wewe ni mvua."

"Mvua gani?"

"Sijui," akasema Wepukhulu. "Hapo ndipo uliponipiga."