Mfalme Aliyenyamaza

Karata za ramli alizoleta Mélissa kutoka kwa shangazi yake wa Kinindo zilichorwa watu wa tamthilia za kale: malkia mwenye kikombe cha sumu, mzimu wa baba, mjumbe wa habari mbaya. Kijitabu cha maana kilikuwa kimepotea. Mimi, kwa moyo wa huduma, nilijitolea kubuni maana zote.

Mchana wa tamasha la shule yetu ya bweni, Loïc, aliyepangwa kuigiza mfalme katika mchezo wetu, alivuta karata moja. Mfalme kitini, mkono mdomoni.

"Pole sana, ndugu," nilisema kwa sauti ya msiba. "Leo sauti itakuacha."

"We, acha mchezo! Baba anakuja."

Baba yake, mzee Jérémie, ni msemaji wa posa anayetafutwa mtaa mzima wa Kinama. Hajawahi kukosa neno, wala kuamini kwamba mwanawe analo hata moja. Leo Loïc alitaka amsikie.

"Karata imesema," nikajibu, nikaenda kuvaa joho la mjumbe.

Pazia likafunguka. Mfalme akamwona baba yake mstari wa mbele, akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Mélissa, binti yake wa jukwaani, akamkanyaga mguu. Wapi!

Nikaingia kabla ya zamu yangu. Nilipaswa kutangaza vita. Badala yake nikapiga goti, nikaanza kama msemaji wa posa.

"Mwenye mji, tumepoteza ndama. Nyayo zimeishia kwenu."

Kwenye posa, upande wa binti hujifanya hauelewi kitu, na Loïc amekaa nyuma ya baba yake kwenye posa tangu utotoni. Mdomo ulijibu kabla ya woga.

"Apana, wageni. Hapa hatufugi ngombe. Mumekosea lango."

Ukumbi ukalipuka.

"Ndama wetu anavaa hereni," nilisema.

"Basi ni wa jirani. Wa kwetu wanasoma!"

Nikaishiwa maneno. Mzee Jérémie hakuvumilia kuona upande wa bwana harusi ukiaibika hivyo. Akasimama, akapanda jukwaani, akachukua nafasi yangu. Baba na mwana wakapigana kwa maneno, akina mama wakipiga vigelegele. Mélissa, aliyepaswa kufa kwa sumu, akamwaga kikombe.

"Mi sikufi tena. Nimeposwa!"

Mwalimu Zénon, mtunzi wa tamthilia, alishika kichwa.

Baadaye mzee alimsubiri mwanawe nyuma ya pazia.

"Jumamosi niko na posa Carama. Utakaa pembeni yangu, utajibu wageni."

"Ndiyo, baba."

Mzee akanitazama na joho langu.

"Huyu abaki shule."